Nilijibu "anatumia dawa", mume wangu akaandikwa teja

Wakuu, kwema? Hili limenikuta mwenyewe hapa Nyasura, sijasimuliwa na mtu. Nina hasira, mnivumilie.

Mume wangu ni fundi cherehani, ana kifafa. Anamezaga vidonge kila siku.

Tulienda Butiama kwa wakwe, vidonge tukavisahau nyumbani. Akaanguka, akachelewa kuzinduka. Ambulance ikatubeba kwenda Musoma.

Njiani mhudumu akaniuliza, "Dada, anatumia dawa?"

"Kila siku! Akikosa ndo anakuwa hivi. Saa nyingine mpaka sindano."

Akaandika, akaniangalia kwa huruma. Nikasema moyoni, huyu kaka ana utu!

Akatibiwa, tukarudi nyumbani. Baadaye nesi wa hospitali ya huku kwetu akapiga simu. Eti wanapitia rekodi za ambulance kufuatilia homa ya ini na UKIMWI kwa wanaojidunga unga. Mume wangu yumo, aje apime, bure na kwa siri.

Anajidunga?! Mtu hata bia hanywi!

Nikabeba mtoto mgongoni, nikamburuta na mume mwenyewe, tukaenda hospitali kuliamsha.

Benchi lilikuwa limejaa mateja wanasinzia. Mmoja akanisogezea nafasi. "Kaa shem. Mzee anadungia kijiwe gani, mbona hatumjui?"

"Kijiwe cha cherehani!"

Walicheka mpaka usingizi ukawatoka.

Nesi alivyosoma nilichojibu kwenye ambulance akafunika mdomo. "Mama, hata mimi ningeandika hivyo." Akamfuta kwenye orodha hapohapo. "Ila mmeshafika, pimeni tu."

Wakuu, mume wangu akakutwa na homa ya ini B.

Nesi akasema huenda anayo tangu utotoni, inakaaga kimya. Hasira zote kwisha. Mtoto nanyonyesha, wembe tulikuwa tunatumia mmoja nyumba nzima. Tukapimwa na sisi hapohapo.

Mimi na mtoto salama! Mtoto alishachanjwa kliniki, mimi nimeanza chanjo. Baba ini lake bado zima, wanamfuatilia, anashona kama kawaida. Wembe sasa kila mtu na wake.

Nimefurahi, sikatai. Lakini ile hasira imerudi: dawa ni dawa! Kama unauliza unga, sema unga. Na nyie mkiulizwa, tajeni dawa kwa jina lake. Kapimeni pia, msisubiri kukosewa kama sisi.

Wa Mugeta na Suguti, nyie mngejibuje? Semeni ukweli.

Yule teja wa benchi akipitaga hapa dukani mume wangu anaposhonea, anapaza sauti, "Shem, mzee kapata dawa leo?"

Namjibu, "Kameza! Na wewe nenda ukachukue majibu yako."