Nilipima Vyoo, Bibi Anaitwa Mchawi

Nina miaka ishirini na mbili, ni karani wa kijiji cha ujamaa upande wa Mungaa. Mhariri, nifichie jina na kijiji, maana huku hata mwandiko wangu unajulikana.

Tulipohamia hapa, kila nyumba iliagizwa kuwa na choo kabla ya ukaguzi. Nilipima kwa kamba na vigingi. Mstari ulinyooka vizuri, ila ulipita kwenye mwinuko, hatua thelathini tu juu ya kisima. Shuleni nilifundishwa kwamba hapo ni karibu mno. Nilimweleza mwenyekiti, akasema wageni wa ukaguzi wanaangalia mistari, kisima hawapimi. Nikaandika hatua mia kwenye taarifa, nikatia sahihi. Watu walishindana kuchimba, na aliyefikia mchanga wa majimaji alipigiwa makofi. Nami nilipiga.

Mjane mmoja mzee, wa nyumba ya mwisho, aliyakataa maji yale. Kila asubuhi alikwenda kwenye mahame yake, alikohamishwa, kuchota kwenye kisima cha zamani. Siku moja nilimwamkia, akanitania, "Marahaba, msomi. Nyie kunyweni chai ya chooni, mimi meno yangu hayaiwezi."

Mvua zilipokuja, watoto walianza kuhara. Tumezika wanne. Wa tatu ni wa dada yangu. Nilimbeba kwenda zahanati, akanyamaza mgongoni kabla hatujafika. Mpaka leo nikivaa shati nahisi uzito wake.

Wajukuu wa yule bibi hawakuugua. Sasa watu wanauliza kwa nini wake tu ndio wazima. Wanamwita mchawi, na baada ya mavuno mkutano utamfukuza. Dada yangu ndiye anayesema kwa ukali kuliko wote. Mwenyekiti ameniagiza niandike barua ya kumwondoa. Nilipomkumbusha habari ya vyoo, aliniuliza taratibu, "Sahihi kwenye taarifa ni ya nani, mwanangu?"

Kuna jambo sijamwambia mtu. Tangu tuzike mtoto wa kwanza, nachemsha maji yangu peke yangu, mlango nimefunga. Dada bado anachota pale pale, na ana mtoto mwingine, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Juzi alinikuta nikimnywesha mtoto maji yangu. Akayaonja, akauliza mbona yana moshi. Nikasema ni sufuria.

Alimbeba mtoto wake, akaenda zake. Najua atauliza tena. Ndugu wasomaji, nishaurini: nimjibu nini?