Niliweka Dau Kondoo wa Wakwe

Kosa ni langu peke yangu, na afadhali nilisimulie mimi kabla mke wangu hajaanza, maana yeye huongeza chumvi. Niliweka dau kondoo wa mahari. Tena kwa mchezo wa basketi.

Usinicheke bado, ngoja nikueleze.

Miaka ile Uhuru ulikuwa bado mchanga, na mimi akili yangu changa zaidi. Nilikuwa fundi wa cherehani pale Karatina, na msichana niliyempenda, Wangui, alikuwa wa upande wa Kerugoya. Baba yake, mzee wa maneno machache, alisema atatutajia siku ya harusi tukishamletea ngoima, yaani kondoo dume aliyenona mpaka mkia unamlemea. Ngoima wa kweli hutamwokota sokoni. Hulishwa nyumbani, tena ndani, kwa majani ya viazi vitamu, mpaka wakwe wakimshika mkia waridhike. Wetu alilishwa na mama yangu. Mama alizungumza zaidi na kondoo yule kuliko alivyozungumza na mimi.

Sasa basketi iliingiaje? Nilikuwa nimewashonea vijana wa timu yetu kaptula za kijani, nao kwa shukrani wakanipa nafasi kwenye benchi lao. Jamani, nilijiona kocha. Kila jioni niliwafundisha watu dukani jinsi ya kuweka dau bila kuhangaika.

"Mechi ngumu inataka moyo baridi," niliwaambia, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. "Mtu wa kurukaruka ndiye hupoteza."

Siku moja rafiki yangu Muriuki, muuza viazi sokoni, alinisikiliza huku akitafuna mahindi ya kuchoma. Muriuki hata nyumba ikiungua angemaliza hindi lake kwanza.

"Kama uko na moyo baridi hivyo, fundi, tuweke dau," akasema. "Jumamosi timu yako inacheza na vijana wa Nyeri. Mimi nasema Nyeri. Niko na baiskeli. Wewe uko na nini?"

Cherehani singeweza kuitoa, ndiyo iliyonilisha. Lakini baiskeli ile niliiona tayari ikinipeleka Kerugoya kila Jumapili. Mdomo ukanitangulia.

"Niko na kondoo."

"Ati ile ya mama yako?"

"Ni yangu. Mama analisha tu."

Mungu anisamehe maneno yale.

Mechi ikachezewa Nyeri, alasiri ya baridi, mlima umejifunika mawingu. Ilikuwa ngumu tangu mwanzo. Wakifunga, tunafunga. Nilikaa benchini mikono nimeikunja, uso nimeukaza, na watu wakaniangalia kwa heshima. Ndani nilikuwa natokota. Muriuki alikuwa ng'ambo ya uwanja, na hindi lake.

Mwisho kabisa tukawa mbele kwa pointi moja, na mpira uko mkononi mwa kijana wetu. Zilibaki sekunde chache tu. Alichotakiwa kufanya ni kuushika.

Hapo nikaona baiskeli. Nakuapia, niliona hata kengele yake. Nikaruka kutoka benchini, nikaingia uwanjani mbio, nikamkumbatia yule kijana na mpira wake nikamwinua juu huku nikipiga kelele kwamba tumeshinda.

Filimbi ikalia. Nilidhani ni ya mwisho, kumbe refa ananipigia mimi. Mtu wa benchi ameingia uwanjani mchezo haujaisha! Nyeri wakapewa mitupo miwili ya adhabu. Kijana wao, aliyekuwa ametulia kweli, akaitia yote miwili. Tukashindwa kwa pointi moja, na wachezaji wangu wakaniangalia kana kwamba wanataka kunirudishia zile kaptula.

Muriuki hakunicheka. Alisema tu, "Fundi, moyo yako leo haikuwa baridi sana."

Nilimtoa kondoo nyumbani mama akiwa shambani, nikamkabidhi Muriuki. Aliporudi nikamdanganya kwamba nimemtanguliza kwa wakwe, asichoke siku ya safari. Kisha nikanunua mwingine sokoni, mwembamba, nikampeleka Kerugoya kimyakimya, akafungwa zizini kwa wakwe kungoja siku ya wazee. Niliona aibu, lakini niliogopa zaidi kumpoteza Wangui.

Siku ya siku tukafika na wazee wetu. Baba yake Wangui akainama, akamshika mkia kondoo wangu. Akashika tena, kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea mfukoni. Hakukuwa na kitu.

Mama akamkodolea macho yule mnyama. "Hii si kondoo yangu."

"Ni yeye, mama," nikasema. "Amekonda kwa kukumbuka nyumbani."

Ndiyo, nilisema hivyo, mbele ya wazee.

Kabla hawajanijibu, Muriuki akatokea langoni akivuta ngoima wetu. Kondoo aliposikia sauti ya mama alijichomoa kambani, akapita katikati ya wageni na mkia wake mzito, akaenda kumwekea mama kichwa kwenye mapaja. Wangui, aliyekuwa mlangoni na kibuyu cha uji, ilibidi akiweke chini kwa kicheko.

"Nilimshinda fundi kwa mchezo," Muriuki akawaambia wazee, "lakini kondoo ya wakwe haitanishuka kooni. Nimeirudisha."

Basi nikaungama yote. Nilipofika pale nilipomwinua yule kijana, wazee walikuwa wameshikilia mbavu. Mama peke yake hakucheka. Aliinamisha macho, na hilo liliniuma kuliko lolote.

Baba yake Wangui akangoja kicheko kiishe. "Hii kondoo imewekwa dau, siwezi kuipokea. Irudi kwa mama yake. Na wewe, kijana, mwenye hawezi kungoja filimbi, atangoja kondoo inone. Ulishe hiyo nyembamba wewe mwenyewe, kwa mkono yako."

Rafiki yangu, kondoo hanenepi kwa kupigiwa kelele. Nilikata majani ya viazi asubuhi na jioni, mvua na jua, nikamshika mkia kila siku bila kuona tofauti. Harusi ikasogezwa mbele mwaka mzima. Wateja walikuja dukani kuniuliza hali ya mgonjwa. Wangui aliniletea salamu kupitia Muriuki, ambaye alikwenda kwa baiskeli yake: "Mwambie alishe pole pole, asimkabe."

Hatimaye nikampeleka. Mzee akashika mkia. Akazunguka upande wa pili, akashika tena. Nilijua ananipima. Nikasimama mikono nyuma, na safari hii hata ndani nilikuwa nimetulia.

Mzee akatia mkono ndani ya koti, akatoa filimbi, sijui aliiazima kwa nani, akaipuliza mpaka kuku wakatawanyika.

"Sasa unaweza kuingia uwanjani," akasema.

Nawe unayenisoma, kitu kilicholishwa na mkono wa mama yako usikiweke dau. Na ukiwa mbele kwa pointi moja, nakusihi, kaa chini.