Siku klabu yetu ya kukimbia iliponyamaza mbele ya wanajeshi, Lubumbashi

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili sikusimuliwa na mtu, miguu yangu mwenyewe ilikuwepo.

Mimi Mtanzania, nauza vipuri vya malori hapa Lubumbashi, nimepanga mtaa wa Ruashi. Vita kubwa iko mbali huko mashariki, lakini huku nako kuna wanamgambo, Mai-Mai, wanaotoka porini na kuingia mjini kwa miguu alfajiri. Tairi likipasuka tu, moyo unaruka.

Upweke na hofu vikanizidi, nikajiunga na wakimbiaji wa Jumamosi. Kiongozi ni Maman Béa, mwalimu wa shule ya msingi. Mnene kiasi, ila pumzi anayo, acheni!

Sharti lake moja: tunakimbia tukiimba. Nikamtania, hii kwaya au mazoezi? Hakucheka.

"Ndugu, basoda bako ku barabara. Bakisikia mwimbo, banajua tuko bantu ya footing. Ba Mai-Mai banakuyaka kimya." Yaani wanajeshi wakisikia wimbo wanajua ni watu wa mazoezi, maana Mai-Mai huja kimya.

Jumamosi moja tunaelekea mtaa wa Golf, giza halijaisha, risasi zikalia nyuma yetu. Hizo hazikuwa tairi.

Wimbo ukakatika. Kundi zima tukatoka nduki, hakuna hata aliyekohoa.

Yaani tulifanya kile kile tulichokatazwa. Watu wengi, alfajiri, wanakuja mbio kimya kimya.

Mbele yetu, kwenye kizuizi cha wanajeshi, nikasikia bunduki zinakokiwa.

Niliogopa, sioni haya kusema. Nikamkumbuka binti yangu aliyeko Tunduma.

Ndipo Maman Béa akaanza kuimba. Sauti inatetemeka, imekauka, lakini wimbo ni ule ule wa kila wiki. Mmoja akadakia, kisha wote. Mimi maneno siyajui vizuri, nikawa naimba "la la la" huku machozi yananitoka. Tukatembea polepole, mikono juu, tunaimba.

Askari akatumulika na tochi, akashusha bunduki.

"Mupite, maman. Mulituogopesha."

Akasogeza kizuizi, tukapita.

Nilichojifunza: hofu ikija hukumbuki ulichoambiwa, unafanya ulichozoea. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nilirudi, na maneno ya wimbo nimeyajua yote.

Mnaoishi sehemu kama hizi, nyie mnajipaje moyo? Karibuni mseme.

Mimi siku hizi hata nikienda kununua mkate alfajiri, naimba peke yangu njia nzima. Majirani wanadhani nina furaha.