Bubu wa Wodi ya Njiti

Kuna watu kwenye hospitali ile mpaka leo hawalijui jina langu, wananiita Baba Bubu, na sina wa kumlaumu kwa sababu jina hilo nililitafuta mwenyewe. Aibu yake nilikuwa nimepanga kufa nayo. Lakini shemeji yangu ameshaisimulia kwenye misiba miwili na harusi moja, kila mara anaongeza chumvi, kwa hiyo bora muisikie kwangu.

Mke wangu Zuhura alijifungua mimba ikiwa na miezi saba, kwa upasuaji, hospitali moja huku Temeke. Mtoto wa kike, kilo moja na robo. Zuhura akalazwa ghorofa ya juu, mtoto akapelekwa chini wodi ya njiti, na mie nikawa mtu wa kupanda na kushuka ngazi (kazi yangu hasa ni kufunga madirisha ya aluminiamu huko Chamazi, anayehitaji dirisha tuonane baadaye). Siku mbili za kwanza sikuruhusiwa kuingia kwa mtoto. Siku ya tatu wakasema haya, baba njoo umwone, dakika kumi tu.

Sasa kwetu mtoto akizaliwa baba yake anamwadhinia sikioni, halafu anapakwa mdomoni tende kidogo iliyotafunwa ikalainika, ili kitu cha kwanza anachokionja duniani kiwe kitamu. Mama yangu kwa siku hizo tatu alikuwa hali hanywi. "Siku ya tatu hii, Shabani! Mtoto hajasikia adhana, hajaonja kitu, kazi kuchomwa sindano tu." Akanipa tende moja ya Madina aliyoletewa na jirani aliyekwenda Hija. Nikamwambia mama, kule mlangoni wanakagua. Akanijibu, "Mie nimekupa tende, akili unayo mwenyewe."

Akili yenyewe ndiyo hii: mlangoni pa wodi ya njiti wanakagua mikono, wanakuvua saa na pete, simu unaiacha nje, mifukoni hubaki na kitu. Mashavu hawakagui. Nikatoa kokwa, nikaitia tende shavuni, nikavaa barakoa juu yake, nikajiona mjanja kupita wote waliowahi kuingia mle.

Mlangoni nikamkuta Sista Mwanaidi, mkuu wa zamu, mama wa makamo mwenye mtandio mweupe na sauti ya chini ambayo ukiisikia unanyooka.

"Karibu baba. Wewe ni baba wa mtoto wa nani?"

Tende imeshalainika, mdomo umejaa mate matamu, nikiufungua tu yanamwagika ndani ya barakoa. Nikaonyesha mdomo, nikapunga mkono, nikimaanisha ngoja kidogo nimeze. Yeye akaelewa lake. Uso wote ukalainika.

"Oo, pole baba yangu. Husemi?"

Mtu mzima mwenye akili timamu hapo angetema tende, aombe radhi, mambo yaishe. Mie nikaitikia kwa kichwa.

Basi nikapokewa kama mgeni wa heshima (na niseme hapa hapa kwamba wasiosema kweli kweli nimewakosea, najua). Nikampa kadi ya Zuhura, akasoma jina, akanipeleka kwenye ndoo ya koki kwa kuwa bomba siku hiyo lilikuwa halitoi maji, akanifundisha kunawa kwa vitendo: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, gumba, kucha, mpaka kiwikoni. Nikikosea ananirudisha mwanzo, polepole, bila kuchoka. Akina mama waliokuwa wamekaa ndani na watoto wao vifuani wakawa wananipungia kupitia kioo. Sijawahi kupendwa na watu wengi kiasi kile kwa mpigo, na wote nilikuwa nawadanganya.

Tulipokuwa tunaingia, Sista akanisogelea akanionyesha mama mmoja kijana, mwenye kanga ya njano. "Yule Mama Kelvin. Alikuwa na pacha. Mmoja tumempoteza wiki iliyopita, wadudu waliingia kwenye damu. Ndiyo maana tunawasumbua na kunawa. Usituone wakali." Nikaitikia kwa kichwa tena. Nilisikia kila neno, na tende sikuitema.

Mtoto wangu alikuwa kwenye kisanduku chake cha joto, jirani na kiti cha Mama Kelvin. Kiganja chake kilikuwa hakifiki kifuniko cha soda. Nilimwogopa, sioni haya kusema. Sista akaenda kumpima uzito mtoto mwingine upande wa pili, nami nikashusha barakoa, nikainamia kidirisha cha kile kisanduku usawa wa sikio la kulia, nikaadhini taratibu kwa sauti ya mtu anayeumwa jino. Wallahi, kwa muda ule nilisahau kabisa kwamba mie ni bubu. Nikamaliza, nikaitoa tende kwa vidole viwili.

"Yesu wangu! Bubu anasema!"

Alikuwa Mama Kelvin. Huku vigelegele, kule haleluya, kona nyingine takbiri, mashine nazo zikaanza kulia, na watoto ambao walikuwa wamelala wakaamka wote na vilio vyao vidogo. Kabla sijajua nifanye nini, Mama Kelvin ameshasimama mbele yangu, amefunua kanga, ananisogezea mwanawe.

"Baba, Mungu amekugusa leo. Mpake na mwanangu hicho ulichonacho. Nimebaki na huyu tu."

Nikatazama mkono wangu. Ilikuwa nusu tende imelowa mate, na mie nilikuwa na mafua tangu juzi yake. Kelvin, masikini, aliguswa na hewa akafungua kinywa akitafuta ziwa. Kilikuwa karibu na vidole vyangu, kama shibiri moja hivi. Nilipata hofu ambayo sijaipata tena mpaka leo, nikarudi nyuma nikagonga ukuta.

"Mama, usimsogeze! Mie si bubu. Nilikuwa na tende mdomoni."

Mama mmoja akacheka, na walipoanza hawakushikika. Kuna dada alikuwa anacheka huku ameshika mshono wake, anasema jamani mtaniua. Sista Mwanaidi akafika na kibakuli cha chuma.

"Weka humo. Fungua mdomo. Iliyobaki tema."

Nikatema mbele ya watu wote.

"Hii ulikuwa unampa nani?"

Nikamwonyesha mwanangu kwa kidole.

"Sema kwa mdomo, si unao!"

"Mwanangu, Sista."

Akanitazama. "Mie Muislamu kama wewe. Adhana ungeniomba ningekusimamia mwenyewe, tunawaruhusu kila siku. Lakini mtoto huyu hata maziwa ya mama yake tunampitishia kwenye mpira wa puani, baba, tone kwa tone. Wewe unamletea mate yako yenye mafua."

Kicheko nilikimudu, mtu ukichekwa unazoea. Mama Kelvin peke yake hakucheka. Alimfunika mwanawe, akamgeukia Sista, akauliza kwa utulivu, "Kwa hiyo hakuna kitu kilichotokea?"

"Hakuna, mwanangu."

"Sawa," akasema, akarudi kukaa.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mama kila kitu. Aliishia kuuliza, "Na mafua unayo?" Tangu hapo hakuitaja tende mpaka binti yetu alipoota meno. Mie nimeapa: nikiulizwa swali mlangoni pa hospitali, najibu lile lile lililoulizwa, hata likiwa la kuniaibisha, na mtu akinionea huruma isiyo yangu nairudisha pale pale.

Binti yetu alikaa mle wiki tano. Kelvin alitangulia kuruhusiwa. Nilikuwa kwenye benchi la nje asubuhi hiyo, mama yake akapita na mzigo wake wa nguo, akasimama hatua kama nne kutoka nilipo. Hakunisalimia. Alifunua kanga kidogo, nikauona uso wa mtoto umeshajaa mashavu, akaacha nimtazame. Nikamtazama nikiwa nimekaa pale pale, sikunyoosha mkono.