Nilimuuzisha Mama Mkwe Ngamia kwa Mche wa Shaba

Nianze na kosa lenyewe kabla sijatafuta kona ya kujificha. Nilimshawishi mama mkwe wangu auze ngamia wake wa mwisho anunue mche wa shaba. Na haikuwa shaba! Haya, cheka. Mke wangu anacheka hadi leo, na sasa tuna wajukuu.

Jina langu silitaji. Watu wa Garissa wanaokumbuka watanijua, na wasionijua wasijisumbue.

Miaka ile ya tisini, kambi za wakimbizi za Dadaab zikiwa bado changa, mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la sita. Kalamu mbili mfukoni, viatu vinang'aa, na kichwa kikubwa! Nilikuwa nawasomea watu barua zao na kuwajazia fomu. Kila mtu aliponiita "Mwalimu", nilihisi nimerefuka kidogo.

Ndipo akaja bwana mmoja kutoka Nairobi, akajiita Injinia. Suti ya kahawia kwenye jua la Garissa, jamani! Jasho linamtiririka na koti havui. Alibeba sanduku la miche ya shaba, mirefu kama mche wa sabuni, myekundu na inayometa. Kila mche ulikuwa na cheti chake cha Kiingereza chenye lakiri nyekundu.

Alisema ndani ya shaba ile kuna madini adimu yanayotakiwa Ulaya kutengenezea kompyuta. Raia wa kawaida akinunua mche leo, kampuni itaununua tena mwakani kwa bei mara mbili. Kisha akanivuta pembeni. "Mwalimu, wewe ndiye wanayemwamini. Uza mitatu, wa nne ni wako bure."

Bure! Neno hilo liliniingia kama chai ya kwanza baada ya kufuturu.

Basi nikasimama naye soko la mifugo nikisoma cheti kwa sauti, kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa Kisomali. Nusu ya maneno yale sikuyaelewa mwenyewe. Lakini niliyasoma vizuri sana!

Dereva mmoja wa lori la maji la Dadaab aliushika mche akaupimapima mkononi. Akauliza kwa Kiswahili ili Injinia naye asikie, "Mwalimu, wallahi, hii kitu bei yake nabanda?"

"Inapanda," nikamsahihisha.

"Basi kama nabanda, leta moja."

Angalia mjinga huyo! Simsemi dereva, najisema mimi. Nilikuwa na muda wa kumsahihisha mtu Kiswahili chake, muda wa kuikagua shaba sikuwa nao.

Wa pili nilimuuzia mlinzi wa shule yetu. Ukabaki mmoja tu nipate ule wa bure. Nikatafuta mnunuzi mjini siku nne, sikumpata. Ndipo nikamkumbuka mama mkwe.

Mama mkwe wangu alikuwa na ngamia wengi zamani, lakini mwaka uliotangulia majambazi walimswagia kundi zima. Akabaki na jike moja la maziwa. Meno yalikuwa yamemwisha, kwa hiyo maziwa ya jike lile yalikuwa ndiyo chakula chake. Yalikuwa ndiyo heshima yake pia, maana hakuna jirani mgonjwa aliyekosa kikombe kutoka kwake. Mimi nilijua yote hayo. Nilijua!

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawapigi soga. Miaka kumi na mmoja tulizungumza kupitia kwa mke wangu, hata tukitenganishwa na mkeka tu. Jioni ile nikakaa upande wangu wa mkeka, yeye upande wake, mke wangu katikati.

"Mwambie mama," nikasema kwa sauti ya kuvuka mkeka, "ngamia hufa kiangazi, na anaibiwa. Shaba haili, hainywi, na mwizi haioni ikifichwa chini ya kitanda."

Halafu sauti ya upande wa pili: "Muulize Mwalimu, na maziwa?"

"Mwambie itazaa. Mwakani atanunua majike mawili."

"Muulize kama ameikagua."

"Mwambie nimesoma cheti chote!"

Mke wangu alikuwa amegeuza kichwa huku na huku hadi shingo ikamuuma. Akasimama. "Mmesikiana," akasema. "Mimi naenda kupika."

Mama akasema, "Mkwe wangu amesoma." Basi. Maneno mawili matatu hayo ndiyo yaliyouza ngamia, na ndiyo yanayonichoma hadi leo. Jike likanunuliwa na mfanyabiashara aliyekuwa akielekea Liboi. Siku lilipoondoka, mama hakutoka nje kulitazama.

Nikaupata mche wangu wa bure. Nikauweka juu ya kabati, nikawa nautazama kama bwana harusi!

Sasa hapa ndipo Injinia alipotukosea hesabu. Huko alikotoka, mtu akinunua kitu anakifunga ndani. Sisi tunafuga, na mali yetu tunaitia chapa. Mama mkwe alisema hawezi kulala na mali isiyo na alama ya nyumba yake. Akauchukua mche, akaupeleka kwa mhunzi aupige chapa ileile ya ngamia wake.

Mhunzi huyo nitamwita Warsame, ingawa si jina lake. Kibanda chake kilikuwa hatua mia kutoka lango la shule. Wengi wetu, nami nikiwemo, tulikuwa tukiwadharau wahunzi. Tuliwapelekea visu na shoka, tukalipa, tukaondoka. Kukaa nao tukanywa chai, hapana. Ni mila mbaya, na naisema wazi kwa sababu niliifuata.

Warsame alikuja shuleni wakati wa mapumziko. Hakuingia, alisimama nje ya lango na kitu amekifunga kwa kitambaa. Akakifungua mbele yangu.

"Nimepiga tindo mara moja tu, Mwalimu. Hii shaba ni ngozi. Ndani ni chuma cha kujengea nyumba."

Nikakasirika! Nikatoa nakala ya cheti mfukoni, nikampungia usoni. Akakitazama kwa adabu.

"Cheti sikijui," akasema. "Chuma nakijua."

Nikaunyakua mche, nikakimbilia nao darasani. Kwenye kabati la shule kulikuwa na sumaku. Na wiki ileile, wasomaji wangu, wiki ileile! nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba sumaku haivuti shaba. Walikuwa wameandika madaftarini na mimi nimewatilia alama za vema. Nikaisogeza karibu na mche. Ikaruka, ikang'ang'ania.

Na sasa naungama lililo baya zaidi, kwa sababu hadi hapo ungeweza kusema mimi ni mjinga tu. Nilirudi langoni nikamwambia Warsame azibe palipochubuka, aupige chapa, amrudishie mama, anyamaze. Nilimwambia nitamlipa.

Alianza kuufunga mche kitambaani taratibu. "Mke wangu alipougua, mama yule alikuwa akituletea maziwa kila asubuhi," akasema. "Hakuna mwingine aliyeleta. Siwezi, Mwalimu. Kamwambie wewe mwenyewe, nami nitasubiri hadi jioni."

Nikatoka mbio hadi gesti alikokaa Injinia. Chumba kilikuwa kimeshafagiliwa. Alichoacha ni hanga ya suti.

Jioni nikakaa kwenye mkeka. "Mwambie mama..." nikaanza, nikashindwa. Mke wangu akanitazama, akaelewa, na hakunisaidia. Ilibidi niseme yote mwenyewe, neno kwa neno, hadi lile la kutaka kumfunga mhunzi mdomo.

Dereva alichukua baiskeli yangu, mlinzi akachukua mbuzi wangu, na walikuwa na haki. Mama mkwe hakuchukua kitu. Hakunisema, hakuniita kwa wazee. Asubuhi iliyofuata alimpa mke wangu chombo chake cha maziwa, kile cha kusukwa, kikiwa kitupu.

"Mama anauliza kama shaba imezaa," mke wangu akasema, uso mkavu kabisa.

Nikaenda kwa wauzaji maziwa nikakijaza. Kesho yake chombo kikarudi kitupu. Na kesho kutwa. Na mwezi uliofuata! Kila alfajiri, kabla ya kengele ya shule, mwalimu mzima na kalamu zangu mbili, nimebeba chombo cha maziwa katikati ya wanawake wa sokoni. Nao walifurahi vipi! "Mwalimu, ndama wa shaba hajambo?" "Mwalimu, leo umekamua mwenyewe?" Hata wanafunzi wangu walijua. Nikiuliza darasani shaba ni nini, darasa zima linaangalia dari.

Lakini usidhani ilikuwa mchezo. Zilikuwapo siku sikupata maziwa, za kiangazi, na siku hizo bibi kizee ambaye maisha yake yote aligawa maziwa alikwenda kuomba kwa jirani. Mke wangu aliniambia hilo bila kucheka. Hilo sina namna ya kulilipa.

Nilijinyima hadi nikanunua jike changa. Safari hii niliuliza wafugaji watano kabla ya kutoa pesa! Ngamia naye hana haraka, mimba yake inapita mwaka. Tangu shaba hadi maziwa ilinichukua miaka minne.

Siku jike lilipozaa na maziwa yakawa ya kunywewa, nilioga, nikavaa kanzu, nikakaa mlangoni. Nikamwona mke wangu anakuja na chombo kimejaa, anatembea polepole asimwage. Nikanyoosha mikono.

"Si yako," akasema, akanipita.

Nikamfuata. Akaenda moja kwa moja kwa Warsame, akamkabidhi kama mama alivyomtuma, akarudi zake. Nikabaki nimesimama pale na kanzu yangu nyeupe kama mgeni aliyekosea harusi. Warsame akaniona. Akaniwekea kigoda, akamimina kikombe kimoja, akanywa kidogo, akanipa mimi. Nilikunywa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kibandani mwake.

"Mwalimu," akasema, "nilikuwa hapa hapa, na wewe ulikuwa ukipita kila siku. Kwa nini hukuniuliza?"

Nilikuwa najua kwa nini, na yeye alijua pia.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kesho akija mtu na kitu kinachometa na karatasi ya lakiri, usikimbilie kuisoma karatasi. Nenda kwa yule fundi unayempita bila salamu, mwonyeshe, umsikilize. Na kama unaona haya kukaa naye, basi tayari umeshatapeliwa.