Kopo la Maziwa Lenye Miezi Miwili

Jumamosi asubuhi, dukani Mishomoroni, nyanya mmoja mbele yangu aliweka kauntani kopo la maziwa ya mtoto alilotaka kununua, akalipindua. Binti yake amelazwa hospitali, na mjukuu mchanga kaachiwa yeye.

"Mwanangu, nisomee. Yamekwisha muda haya?"

Muuzaji akainama. Kulikuwa na sita, kisha tisa, kisha mwaka huu. "Tarehe sita mwezi wa tisa, nyanya. Bado sana."

"Hapana," akasema mwanamke mmoja nyuma yangu. "Hayo yametoka ng'ambo. Kuna wanaoanza na mwezi. Hiyo ni tarehe tisa mwezi wa sita. Yamekwisha juzi."

Wakanigeukia mimi, nadhani kwa sababu ya miwani. Nikalizungusha kopo mara tatu. Wallahi, sikujua.

"Mko watatu mliosoma," nyanya akasema polepole, "na mtoto analia nyumbani."

Muuzaji akaona haya. Akapanda kigoda, akashusha kopo la aina nyingine lililoandikwa Desemba kwa herufi. Nyanya akalipakata, akaenda zake.

Lile la kwanza likabaki mkononi mwa muuzaji, asijue alirudishe rafuni au alitupe. Kuandika jina la mwezi kungewagharimu watengenezaji wino kiasi gani?