Unga wa Mizizi Mitupu

Mimi ni mtu wa kushuku, na simwombi mtu radhi. Kwa hiyo nilipofika Nyanungu nikamkuta mama anapalilia mahindi, yeye ambaye mwezi uliopita alikuwa akitoka nje kwa kushika ukuta, sikufurahi. Niliogopa.

"Shikamoo mama. Magoti yamepona lini?"

"Marahaba. Yamepona, mwanangu. Nimepata dawa mnadani."

Dawa yenyewe ilikuwa unga wa kahawia kwenye kopo la plastiki. Muuzaji aliinadi kwa spika katikati ya mbuzi na mitumba: mizizi mitupu, haina kemikali hata chembe. Hapo ndipo alipomkamata mama. Ana vidonda vya tumbo, na daktari alishamkataza diklofenaki na ndugu zake wote kwa sababu huchubua tumbo. Tangu siku hiyo hagusi kidonge chochote cha maumivu, hata paracetamol aliyoruhusiwa. Ila mizizi, nani amewahi kumkataza mizizi?

Nikamuuliza inachukua muda gani kufanya kazi. Akasema akiinywa na uji, hata kikombe hajaosha, maumivu yameshatulia. Mizizi gani hiyo yenye haraka namna hii? Nimenyweshwa mizizi tangu utotoni, na hakuna hata mmoja uliowahi kunikimbilia.

"Wewe Tomaso," akacheka. "Niache nipone."

Nilichukua chujio la chai nikauchekecha ule unga juu ya sinia. Mama alinitazama kama mtu anayeona mgeni anapekua kabati lake. Kwenye chujio vikabaki vijiti viwili vitatu, na kipande cha kidonge, upande mmoja laini, cha pinki. Nakifahamu kidonge kile. Ndicho ninachomeza mgongo ukinikamata. Nilikasirika, nikakiweka kiganjani mwa mama.

"Mama, hii ndiyo ile uliyokatazwa. Wameisaga humu."

Alikigeuzageuza kiganjani. Nilidhani atabisha. Akauliza polepole, bila kuniangalia usoni:

"Na choo kikiwa cheusi kama lami, hiyo nayo ni mizizi?"

Choo cha namna hiyo ni damu inayovuja tumboni. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia hivyo, nikamuuliza tu kimeanza lini.

"Tangu nilipoanza kupona," akasema, na mimi tayari nilikuwa napiga simu kutafuta gari la kumpeleka hospitali.